Feni ya Nyumba ya Wazazi Kisumu: Inunuliwe Huko Huko

Wewe uliye Marekani, kabla hujaipakia feni kwenye mzigo wa kutuma Kisumu, igeuze usome kibandiko chake. Kikisema 120V, 60Hz, iache. Umeme wa Kenya ni volti 240, 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja mota itaungua, na hata ukiiwekea transfoma itazunguka polepole kuliko ilivyoundwa. Ya Uingereza itafanya kazi, plagi ni ile ile, lakini uzito wake haulipi nauli. Tuma pesa.

Sasa uliza habari za paa kabla ya kuuliza bei. Aliyeko nyumbani akupigie picha ya dari, apime pia urefu kutoka sakafuni. Mapanga ya feni ya dari yanatakiwa kuwa juu ya sakafu kwa walau mita 2.1, na ndoano yake ishikwe na zege au boriti, kamwe si ubao wa silingi peke yake. Kama nyumba ni ya mabati yasiyo na silingi, usiiweke kabisa. Jua likishapiga mabati mchana kutwa, joto hujazana juu, na feni hiyo itawashushia wazee joto lile lile. Anza na silingi.

Kwa nyumba kama hiyo mimi nachagua feni ya kusimama. Mchana upepo hutoka ziwani, lakini usiku hugeuka, na vyumba vilivyobanana vya mitaa kama Nyalenda au Manyatta hubaki na fukuto. Jioni feni isimamishwe karibu na dirisha lenye wavu, iangalie ndani, ivute hewa ya nje iliyokwisha poa. Wakati wa kulala isogezwe ipulize kitandani kupitia neti. Tafadhali wasisitizie wazee neti isitolewe eti kwa sababu feni inafukuza mbu. Malaria ya ukanda wa ziwa haina mchezo.

Tokeni za umeme nazo zihesabu. Feni ya dari ya kawaida hula wati 75 hivi. Saa 8 kila usiku ni uniti 0.6, yaani 18 kwa mwezi. Zile za mota ya BLDC (mota isiyo na brashi, inayoendeshwa kielektroniki) hula kama wati 30, uniti 7 na kidogo. Akiba ni ya kweli, ila ndani yake mna kadi ya elektroniki ambayo si kila fundi anaimudu. Ukinunua hiyo, dai waranti ya maandishi. Kijijini kwenye sola, tafuta feni ya volti 12 inayokula betri moja kwa moja, bila inveta.

Anayekununulia aiwashe dukani kwa kasi ya juu kabisa, asikilize kama inagonga, aitikise nguzo, kisha aizime na ajaribu kidole kwenye nyaya za kinga: kidole cha mtoto kisipenye.



Na siku ukipigiwa simu kwamba feni imekuwa nzito kuzunguka, usikimbilie kutuma pesa ya mpya. Mara nyingi ni kapasita imechoka, kidude cha bei ndogo ambacho fundi wa mtaani hukibadilisha upesi. Akusomee namba iliyoandikwa juu yake, na anunue yenye namba hiyo hiyo.