SOMO: Unga wa rangi ya choya unaodumu. Soma hadi mwisho kabla ya kuuliza

Swali la rangi ya choya kugeuka kahawia limejibiwa hapa mara nyingi mno. Haya, hatua zote hizi hapa.

Mahitaji: choya kavu (rosela) gramu 100, maji lita 1, ndimu ya unga (asidi ya sitriki) gramu 5, maltodekstrini (unga mweupe utokanao na wanga), na gamu arabiki ya chakula (utomvu mkavu wa mgunga). Msichume utomvu wowote porini Tabora mkauita gamu.

1. Loweka choya saa moja kwenye maji ya nyuzi 50–60 yenye ndimu ya unga. Sufuria iwe ya stenlesi. Chuma huvuta rangi kwenye buluu.

2. Chuja kwa kitambaa.

3. Kausha mililita 100 kwenye sahani uliyoipima, upate uzito wa yabisi, yaani kinachobaki maji yakiisha. Kwa kila gramu 1 ya yabisi iliyomo kwenye maji ya choya yaliyobaki, weka humo maltodekstrini gramu 2 na gamu gramu 1. Gamu inyunyizwe huku unakoroga, kisha ilale kwenye friji hadi kesho.

4. Kukausha. Hapa ndipo kazi huharibika. Mwaga juu ya karatasi ya kuokea, unene usizidi milimita 2, kwa nyuzi 50–55, pasipo jua la moja kwa moja. Ukimwaga nene, juu hufunga ngozi na chini hubaki uji. USIONGEZE SUKARI: hulainika kwa joto dogo, utapata ulimbo. Imekauka pale inapovunjika kama kioo, ikipinda, irudishe. Iache ipoe ikiwa imefunikwa, kwani ukiifungia ya moto hutoa jasho na kuganda jiwe. Saga sekunde kumi kumi, fungia papo hapo kwenye chupa nyeusi. Kigoma kuanzia Novemba hewa ni mbichi. Usiache unga wazi hata dakika tano.

Inafaa juisi, jamu na barafu za vijiti. Kwenye keki yenye baking pauda au magadi itageuka kijivu.

MASWALI

*Mkuu, naweza kuweka kwenye keki?*
Mstari wa mwisho wa somo. Rudi usome.

*Sina ndimu ya unga, nimekamulia malimao. Rangi imefifia ndani ya wiki mbili.*
Limao lina vitamini C, nayo huharakisha kuoza kwa rangi ya choya. Tafuta ndimu ya unga.

*Shikamoo mwalimu. Viwandani hewa ya kukaushia hufika nyuzi 160, mbona rangi haiungui?*
Marahaba, umeuliza vizuri. Kule mchanganyiko hupulizwa kama ukungu. Maji yanapotoka kwenye tone hulipoza, na tone hukauka kwa sekunde chache tu. Sinia lako linakaa saa nyingi, ndiyo maana joto liwe dogo.

*Na mawese yetu ya hapa Kigoma?*
Yanafaa sana! Rangi yake ni karotini, haijali ndimu wala magadi, hivyo hata keki inapokea. Yeyusha gamu gramu 40 kwenye maji mililita 100, ongeza mawese gramu 10 ya vuguvugu, piga blenda hadi usione duara la mafuta juu, kisha fuata hatua ya 4. Chukua mawese mabichi. Yaliyochomwa hadi kupauka yameshapoteza rangi.