Dawa ya kiungulia na kidonge cha TLD

Anayetumia TLD, kidonge kimoja cha kila siku cha kutibu VVU (ARV) chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, aangalie vizuri dawa ya kiungulia anayonunua dukani bila cheti cha daktari. Vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye magnesiamu au alumini, hunasa dolutegravir tumboni kabla haijaingia kwenye damu, hivyo mtu anaweza kumeza ARV kila siku bila kukosa na bado dawa isimfikie kwa kiwango kinachotakiwa. Kanuni ni kumeza TLD saa mbili kabla ya dawa hiyo au saa sita baada yake. Kwa mfano, anayemeza TLD saa tatu usiku asitumie dawa ya kiungulia baada ya saa tisa alasiri, na ikimbidi usiku huohuo, asubiri hadi saa tano.

Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, vina tatizo hilohilo, ila vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo vyote vinamezwa wakati wa chakula. Tahadhari hii inamhusu pia aliyepewa TLD kwa siku 28 ili kujikinga baada ya kuwa katika hatari ya kuambukizwa VVU. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampicin amweleze mtoa huduma mapema, kwani huhitaji dolutegravir mara mbili kwa siku.