SOMO: Kuinua Hilux ya zamani (modeli za LN106 na LN167)

Kila wiki naulizwa inboksi "niinueje Hilux kwa bei nafuu?" Naandika mara moja, tusomee hapa.

1. Chungulia chini ya gari. LN106 ina ekseli nzima (moja inayounga magurudumu ya pande mbili) na springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa) mbele na nyuma. LN167 mbele ni tosheni ba (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), nyuma majani.

2. Pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, gari tupu. Nyingi hazina tatizo la kimo, ni majani yamechoka na kunyooka. Seti mpya ya kawaida inatosha, na wengi mtaishia hapa.

3. Chagua njia.
Springi zilizopinda zaidi na shokapu ndefu: ghali, ila ndiyo ninayoshauri. Isizidi sm 5.
Kuongeza jani: kwa anayebeba mzigo kila siku. Gari tupu itakurusha.
Sheko ndefu (vishikio vya ncha ya springi): ukiongeza sm 5 unapata kama 2.5 tu, na mbele usukani unaanza kuzurura.
Bloku (kipande cha chuma kati ya ekseli na springi): nyuma tu, moja tu. Mbele KAMWE. Ukishika breki ekseli inajisokota, bloku inaweza kuchomoka.
Kukaza tosheni ba: kidogo sana. Ukizidisha, sivijointi (viungo vinavyozungusha magurudumu ya mbele) zinakaa pembe kali na gurudumu halishuki tena shimoni.
Kuinua bodi juu ya chesesi (fremu ya chini): unapata nafasi ya tairi, chesesi inabaki palepale.

4. Breki. Soma taratibu. Hilux nyingi zina kifimbo kinachounganisha ekseli ya nyuma na valvu ya breki iliyo kwenye chesesi. Chesesi ikishuka, valvu inajua umebeba, inapeleka nguvu zaidi nyuma. Ikiwa juu inajua gari ni tupu, inapunguza. Ukiinua nyuma bila kugusa kifimbo, utapakia tani nzima na valvu bado inaona gari tupu, halafu uteremke mlima Sekenke hivyo! Pandisha kishikio cha kifimbo kwa kimo kilekile ulichoinua. Kisha weka stendi kwenye chesesi, magurudumu yaning'inie, zungusha usukani hadi mwisho pande zote. Hosipaipu ya breki ikivutika, weka ndefu. Ingia chini uone mwenyewe, usikubali kuambiwa "iko poa".

5. Yuboti (boti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) mpya, zikazwe gari ikiwa imekanyaga chini, zikazwe tena baada ya siku chache. Alaimenti (kunyoosha magurudumu). Rekebisha taa.

MASWALI

Tope_Tupu: Mkuu, bloku mbele zinafaa?
— Hatua ya 3.

Tope_Tupu: Fundi kaniwekea, mbona sijapata shida?
— Bado hujapata. Zitoe kabla ya safari.

Mama Kahawa: Nabebea kahawa huku Mbinga, difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) inakwaruza katikati ya njia. Springi zitasaidia?
— Dada, umeuliza la maana. Springi zinainua chesesi, ila difu iko kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na tairi. Tairi ya kipenyo cha sm 77 badala ya 72 itaipandisha sm 2.5. Ila gari itakuwa nzito kupanda mlima, na spidomita itasoma pungufu. Mimi ningeongeza jani nyuma kwa ajili ya magunia, difu niikwepeshe kwa kupandisha tairi za upande mmoja kwenye tuta la katikati.

Mama Kahawa: Asante kaka. Na bushi zinazolia, nipake grisi?
— Za raba usipake, grisi ya kawaida inazila. Zioshe kwa maji na sabuni, zikiendelea kulia badilisha.