Vitamini D na figo kwa anayetumia TLD, kidonge cha kufubaza VVU: mkojo upimwe kabla ya kununua vidonge

Nyonga zikiuma na mapaja yakakosa nguvu, hadi mtu ainuke kwenye msala kwa kushika ukuta, huenda ni upungufu wa vitamini D. Wengi hapo hukimbilia duka la dawa. Kwa anayemeza dawa za kufubaza VVU zenye tenofoviri, zipimwe figo kwanza. Figo ndizo zinazoigeuza vitamini D ikaweza kufanya kazi, na tenofoviri ya aina ya TDF, iliyomo kwenye kidonge cha TLD, kwa baadhi ya watu huumiza mirija ya figo, fosfeti, madini ya mifupa, ikapotelea kwenye mkojo. Ikifika hapo, vitamini peke yake haiponyi mifupa.

Kliniki, omba kipimo cha kreatinini ya damu, taka ya misuli inayochujwa na figo, na kijiti cha mkojo. Kreatinini hukokotolewa pamoja na umri, jinsia na uzito, kwa hiyo upimwe uzito siku hiyohiyo. Jibu, yaani kiasi cha damu kinachosafishwa na figo, likiwa chini ya mililita 50 kwa dakika, daktari aangalie kubadilisha TDF. Kijiti kikionesha sukari ilhali sukari ya damu iko sawa, huenda mirija imeshaguswa. Protini nayo isipuuzwe. Dolutegraviri, dawa nyingine iliyomo kwenye TLD, hupandisha kreatinini kidogo wiki za mwanzo bila kudhuru figo, basi kipimo kirudiwe kabla ya kuamua. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Jua la Unguja na Pemba linatosha mwaka mzima, ila la asubuhi mapema halisaidii sana. Linalofaa ni la saa nne hadi saa nane, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe. Avaaye buibui akae uani, mikono na miguu wazi, kama nusu saa, mara kadhaa kwa wiki. Nyuma ya kioo cha dirisha ni kazi bure. Vibua, jodari na kiini cha yai huongezea.

Vidonge: uniti 600 hadi 800 kwa siku kwa mtu mzima, zisipite 4,000 bila daktari. Zikizidi, kalsiamu hupanda ikaleta kiu, kutapika na mawe ya figo. Chenye kalsiamu au chuma kimezwe na TLD pamoja na chakula. Tumbo tupu, TLD itangulie kwa muda wa saa 2 au isubiri muda wa saa 6 baada ya kidonge hicho, la sivyo dolutegraviri haifyonzwi vizuri.

Na maumivu ya nyonga yasitulizwe kwa diklofenaki wala ibuprofeni: zikikutana na TDF zinaweza kuangusha figo kwa siku chache. Parasetamoli inatosha.