Kabla hujarudia utafiti wa mwenzako: mambo ya kuzingatia

Tafiti nyingi za marudio huharibika kabla mshiriki wa kwanza hajajaza dodoso. Mara nyingi si kwa uzembe. Mtafiti huanza kazi bila kujua jibu la "hapana" litamaanisha nini kwake. Akipata matokeo tofauti na ya mwenzake, hajui kama mwenzake alikosea, kama yeye ndiye aliyebadilisha kitu katikati, au kama sampuli yake ilikuwa ndogo mno kuona chochote. Maandalizi yote yaliyoelezwa hapa yana shabaha moja: jibu litakalotoka, liwe ndiyo au siyo, lisomeke.

Anza kwa kuchagua dai moja. Makala moja hubeba madai kadhaa, na huwezi kuyapima yote kwa pigo moja. Andika kwenye karatasi: jedwali la ngapi, safu ipi, namba gani, kwa kundi lipi, kwa kipimo kipi. Ukishindwa kuandika dai hilo kwa sentensi moja yenye namba ndani yake, rudi kusoma. Na usichukue dai kutoka kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala, kwa kuwa ikisiri ina tabia ya kusema kwa sauti kubwa kuliko jedwali lililo nyuma yake.

Kisha hakikisha makala bado iko hai. Fungua ukurasa wa jarida lenyewe leo, usitegemee faili ulilolipakua miaka miwili iliyopita. Makala ikisahihishwa au kubatilishwa, nakala iliyo kwenye kompyuta yako haijui. Hifadhidata ya makala zilizobatilishwa ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 imo mikononi mwa Crossref, shirika linalosajili machapisho ya kitaaluma, inatafutika bure, na programu ya kutunza marejeo ya Zotero hukuonya yenyewe ukiwa umehifadhi makala iliyobatilishwa. Pitia pia PubPeer, ambako wasomaji huandika kasoro wanazoziona. Kubatilishwa huchukua muda: makala ya Andrew Wakefield kuhusu chanjo na usonji ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1998 na kuondolewa 2010. Miaka 12 yote hiyo kulikuwa na watu wanaoitaja.

Sasa chukua kikokotoo. Kuna kasoro zinazoonekana bila kugusa data ghafi. Chukua mfano: makala inasema watu 20 walijibu swali moja kwa mizani ya 1 hadi 7, wastani ukawa 3.47. Majibu ni namba kamili, kwa hiyo jumla yake nayo ni namba kamili. Jumla ya 69 inatoa 3.45, jumla ya 70 inatoa 3.50. Kati yake hakuna kitu, 3.47 haiwezekani kwa watu 20. Kabla hujapaza sauti, jaribu watu 19: jumla ya 66 inatoa 3.47 barabara. Huenda mtu mmoja aliruka swali na waandishi hawakusema. Hilo bado ni jambo la kuuliza, lakini si uongo. Kipimo hiki, kilichoelezwa na Nick Brown na James Heathers mwaka 2016, kinafanya kazi pale idadi ya watu iko chini ya 100 na wastani umeandikwa kwa desimali mbili. Zaidi ya hapo kila wastani unawezekana. Ukimaliza, kokotoa upya thamani za p kutokana na takwimu zilizochapishwa. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, ikiwa athari haipo. Programu ya statcheck, inayofanya ukaguzi huo, ilipopitishwa kwenye makala za saikolojia, takriban nusu zilikuwa na angalau thamani moja isiyolingana, na katika moja kati ya kila nane kosa lilikuwa la kuweza kubadili hitimisho.

Amua mapema unarudia nini. Kuna kuchambua upya data ileile, kuna kukusanya data mpya kwa utaratibu uleule, na kuna kupima wazo lilelile kwa njia nyingine. Watu huzichanganya aina hizi, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Njia ya tatu ikishindwa haimgusi mwandishi wa kwanza: atasema ulipima kitu kingine, na hutakuwa na la kumjibu.

Kuchambua upya kunadharauliwa kwa sababu ni rahisi, na dharau hiyo ni kosa. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1 kwa mwaka. Mwaka 2013 Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walilifungua jedwali lenyewe la kompyuta na kukuta fomula ya wastani imeziacha nchi 5. Hesabu yao ikatoa asilimia 2.2. Fomula ndiyo iliyopata umaarufu, ingawa sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na miaka iliyoachwa nje na namna kila nchi ilivyopewa uzito. Mfano mwingine ni utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, uliochapishwa 2004. Waandishi walitoa data na msimbo wao, yaani maagizo waliyoipa kompyuta kufanya uchambuzi, na uchambuzi mpya wa 2015 ukaonyesha kwamba kompyuta ilihesabu shule 12 tu za karibu pale ilipotakiwa kuhesabu zote zilizomo ndani ya umbali uliotajwa. Makadirio ya athari kwa shule jirani yakatikisika. Kosa kama hilo halionekani kwa kusoma makala, hata uisome mara kumi.

Kwa kazi hiyo, omba vitu vitatu pamoja: data ghafi, msimbo, na maelezo ya kila safu. Bila maelezo ya safu utakutana na umri wa miaka 99 na kuupiga wastani, kumbe 99 ilimaanisha "hakujibu". Andika pia toleo la programu lililotumika. Lugha ya R, inayotumika kuchambua takwimu, ilibadilisha namna ya kuchota sampuli nasibu kuanzia toleo la 3.6.0 la mwaka 2019, kwa hiyo msimbo wa zamani wenye mbegu ileile ya bahati nasibu (namba ya kuanzia uchotaji) hutoa sampuli nyingine kwenye kompyuta ya sasa. Nani angefikiri kwamba tofauti ya matokeo imetoka huko?

Ukikusanya data mpya, suala zito kuliko yote ni idadi ya washiriki. Kosa la kawaida ni kuchukua idadi ileile ya utafiti wa kwanza. Ikiwa utafiti huo ulipata p iliyogusa 0.05, kikomo cha kawaida cha kuita matokeo ugunduzi, basi hata kama athari iliyoripotiwa ni ya kweli kabisa, ukirudia kwa idadi hiyohiyo nafasi yako ya kuipata ni kama asilimia 50. Hapo ni sawa na kurusha sarafu.

Tena athari iliyoripotiwa mara nyingi imevimba, kwa sababu majarida huchapisha zaidi kilichojitokeza. Tuseme makundi mawili ya watu 20. Ili tofauti ifikie p ya 0.05, ni lazima ukubwa wa athari, yaani tofauti ya wastani ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu, uwe kama 0.64. Chochote chini ya hapo kisingechapishwa kama ugunduzi. Mradi wa Open Science Collaboration wa 2015, uliorudia tafiti 100 za saikolojia, ulikuta ukubwa wa athari umeshuka kwa wastani hadi karibu nusu. Basi panga kwa nusu: 0.32. Kwa nguvu ya asilimia 80, yaani nafasi ya kuiona athari ikiwa ipo, utahitaji watu wapatao 154 kila kundi, jumla 308. Athari ikipungua kwa nusu, watu wanaongezeka mara nne. Hesabu hii haina huruma, na bajeti nyingi hufia hapo.

Fedha isipotosha, mtafiti Uri Simonsohn alipendekeza mara 2.5 ya sampuli ya kwanza, hapa watu 50 kila kundi. Lakini elewa unachonunua. Idadi hiyo inakuruhusu kusema kwamba utafiti wa kwanza ulikuwa mdogo mno kuona athari ya namna hii. Haikuruhusu kusema athari haipo.

Ongeza watakaotoroka njiani. Ukitarajia kupoteza asilimia 15, gawanya 308 kwa 0.85 upate 363. Wengi huzidisha kwa 1.15, wanapata 354, kisha wanamaliza na 301 na kushangaa. Na kama unagawa madarasa mazima katika makundi badala ya mtu mmoja mmoja, zidisha tena. Kwa darasa la watu 30 na mfanano wa 0.05 kati ya watu wa darasa moja, kizidishio ni 1 jumlisha 29 mara 0.05, yaani 2.45. Wale 308 wanakuwa 755, au madarasa 26, kabla hata ya kuhesabu watoro.

Mwandikie mwandishi wa kwanza, na uandike mapema. Mradi wa kurudia majaribio ya biolojia ya saratani, uliohitimishwa 2021, ulipanga majaribio 193. Hakuna hata moja lililokuwa limeelezwa kwa undani wa kutosha kulirudia bila kuwauliza waandishi, na mwishowe yalikamilika 50. Usiandike "naomba maelezo zaidi". Barua kama hiyo hukaa bila jibu. Uliza maswali yanayojibika kwa mstari mmoja. Maelekezo yalisomwa kwa sauti au yaliandikwa? Washiriki walikaa pamoja au kila mmoja peke yake? Nani aliondolewa, na uamuzi huo ulifanywa kabla au baada ya kuona data? Swali hili la mwisho liulize kwa adabu, lakini liulize. Mtumie pia rasimu ya utaratibu wako na umwombe aseme, kabla ya data, kama anaukubali kuwa ni marudio halali. Akikataa, jua sababu sasa. Na kama anwani yake ya barua pepe imekufa, waandishi wenza wapo.

Vifaa navyo vina mambo yake. Dodoso likihamia lugha nyingine, mtafsiri mmoja afanye tafsiri na mwingine, asiyeliona la asili, alirudishe katika lugha ya kwanza. Panapotofautiana ndipo penye tatizo. Kisha jaribu kwa watu 10 hadi 15 na uwaombe waeleze kila swali kwa maneno yao. Angalia haki za matumizi pia, kwa kuwa baadhi ya vipimo huuzwa kwa leseni. Kwa vyombo vya maabara, urekebishe kila kimoja na uandike tarehe. Mwaka 2011 kikundi cha wanafizikia cha OPERA kiliripoti chembe za nyutrino zilizowahi nanosekunde 60 kuliko mwanga. Sababu kuu iliyopatikana ilikuwa kebo ya nyuzi za mwanga isiyokazwa vizuri.

Halafu amua, kabla ya kuona chochote, utaita nini mafanikio. Zile tafiti 100 za 2015 zilihesabiwa kwa vigezo tofauti: kwa thamani ya p zilizofaulu ni asilimia 36, kwa kuangalia kama athari ya kwanza imo ndani ya mipaka ya makadirio mapya ni asilimia 47, kwa maoni ya watafiti wenyewe ni asilimia 39. Data ni ileile. Usipochagua kigezo mapema, utachagua kinachokupendeza, na hutajua kwamba umechagua. Andika vilevile athari ndogo kuliko ipi utaihesabu kuwa haina maana, ili "hakuna tofauti" liwe hitimisho lililopimwa, lisiwe tu p kubwa. Sajili mpango huo mahali penye muhuri wa tarehe, kama tovuti ya OSF. Ukiweza, peleka mpango kwa jarida linalokubali makala kabla ya matokeo: katika ulinganisho wa saikolojia uliochapishwa 2021, makala za kawaida ziliunga mkono nadharia tete yao ya kwanza kwa asilimia 96, na zile zilizokubaliwa kabla kwa asilimia 44.

Ikiwa nia yako ni kujenga juu ya utafiti wa kwanza kuliko kuupima, weka hali ya asili ndani ya utafiti wako kama kundi mojawapo, na ubadilishe jambo moja. Ukibadilisha umri wa washiriki, lugha na kipimo kwa pamoja kisha athari isionekane, una washukiwa watatu na huna shahidi. Kagua na namba unazoazima. Robert Millikan alipopima chaji ya elektroni alipata 1.592 badala ya 1.602 (mara 10⁻¹⁹ ya kulombi, kizio cha chaji) kwa sababu namba ya mnato wa hewa aliyoitumia ilikuwa chini kidogo. Pengo halifiki asilimia 1, lakini lilidumu hadi vipimo vya miali ya eksirei vilipotoa namba tofauti miaka mingi baadaye.

Kazi ya mwisho kabla ya kufungua mlango ni kutengeneza data bandia yenye safu zote na idadi kamili ya watu, kisha kuipitisha kwenye msimbo mzima mpaka jedwali la mwisho litoke. Inachukua siku moja au mbili. Mara nyingi hapo ndipo inagundulika kwamba kuna safu ambayo uchambuzi unaihitaji na dodoso halikuiuliza.