Mnunuzi wa korosho karanga kutoka "Uingereza": mkague kabla hujafunga katoni

Wabanguaji wenzangu wa Mtwara, ukipata barua pepe yenye anwani ya London, usikimbilie kutaja bei. Shuka kwanza hadi chini ya mkataba, penye maandishi madogo, usome kampuni imesajiliwa wapi. Juu waweza kukuta London, chini Road Town, Tortola. Huo ni mji mkuu wa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kule Karibiani. Viko chini ya Uingereza, ila vina sheria zake na msajili wake wa kampuni, na fedha yao ni dola ya Marekani.

Kampuni iliyosajiliwa Uingereza kwenyewe haisumbui. Ingia tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, andika jina lake, hulipi kitu. Utaona wakurugenzi, tarehe ya kuandikishwa na hesabu ilizowasilisha. Iliyoandikishwa juzi halafu inataka kontena zima, mimi siiuzii hata kilo.

Ya Tortola si lazima iwe ya matapeli, lakini mambo yake hayaonekani kirahisi namna hiyo. Mdai mnunuzi cheti cha msajili wa huko kwamba kampuni ingali hai, pamoja na hati ya wakala wake inayotaja wakurugenzi. Kampuni ya huko lazima iwe na wakala aliyesajiliwa, kwa hiyo asikwambie hati hiyo haipatikani. Mwandikie wakala wewe mwenyewe, kwa anwani uliyoitafuta, siyo uliyopewa na mnunuzi. Kisha linganisha majina na aliyetia sahihi mkataba.

Soma pia kifungu cha migogoro. Kikitaja mahakama za visiwa hivyo, kikatae: rufaa ya mwisho ya huko husikilizwa London na Privy Council, yaani baraza la majaji la huko, na mbanguaji wa Chikongola hana fedha ya wakili wa safari hiyo. Dai usuluhishi Dar es Salaam.

Malipo yawe kwa LC isiyobatilishwa, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kukulipa ukitimiza masharti, na benki yako isome masharti yake kabla mzigo haujatoka ghalani. Jina la aliyeifungua liwe lilelile la kwenye mkataba. Ikija kwa jina la kampuni nyingine, simamisha kila kitu.

Sampuli mpe. Kama ameagiza daraja la W320, pima ratili moja uhesabu mwenyewe: korosho nzima nyeupe zisizidi 320. Gharama ya kuisafirisha alipe yeye.