Kuchagua mtaa wa kupanga Arusha: anza na saa zako, nyumba baadaye

Mimi ni mpishi wa hoteli hapa Arusha mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Wageni wa Tarangire na Ngorongoro wanaondoka mapema, na kabla madereva hawajawasha magari lazima chai iwe mezani na maboksi ya chakula cha mchana yawe yamefungwa. Nikichelewa nusu saa, kuna watu watashinda porini na njaa.

Kwa miaka kumi na moja nimepanga mitaa minne: Sombetini, Kwa Mrombo, Njiro, na sasa Kimandolu. Kila anayeajiriwa jikoni kwetu akitokea Singida au Babati huniuliza swali moja: "Dada, nikapange wapi?" Huwa simtajii mtaa. Namuuliza anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi.

Dalali atakupeleka kuona nyumba saa nne asubuhi. Jua limetoka, Meru inaonekana mpaka kileleni, njia kavu, jirani anafua nje anaimba. Lakini wewe utakuwa unafungua geti lile saa kumi alfajiri, mwezi wa nne, mvua inapiga. Nyumba ni ileile, mtaa umekuwa mwingine kabisa.

Andika saa zako

Chukua karatasi. Andika saa unayotoka, saa unayorudi, saa watoto wanayotoka kwenda shule, saa unayolala, na siku usiyokwenda kazini. Hili la kulala watu wanalipuuza. Mimi hulala saa nane mchana. Nyumba yangu ya Njiro ilikuwa nzuri, marumaru hadi jikoni, ila ukuta wa nyuma ulipakana na fundi wa kuchomelea mageti. Usiku palikuwa kimya kama kaburini. Nilipokuja kuiona jioni ya Jumapili fundi alikuwa amefunga, sikujua kama yupo. Nilikaa miezi sita bila kulala vizuri.

Ukishaandika, piga hesabu ya nauli kabla ya hesabu ya kodi. Kwa Mrombo nilipata chumba na sebule kwa bei iliyopungua elfu arobaini kwa mwezi kuliko nilichokuwa nimeonyeshwa Kijenge. Nikaona nimeokota dodo. Sasa, kutoka Kijenge ningetembea kwa miguu na wenzangu wawili wa zamu ileile. Kutoka Kwa Mrombo saa kumi alfajiri hakuna kifodi, yaani daladala ndogo za hapa Arusha, ilikuwa bodaboda, elfu tatu kila siku. Zidisha kwa siku 26 za kazi: elfu sabini na nane. Ile nafuu ya elfu arobaini ilikuwa imenila elfu thelathini na nane kila mwezi, na hapo sijahesabu nauli ya kurudi.

Kuna jambo lingine la vifodi ambalo mgeni halioni. Mtaa ulio mwanzo wa ruti na mtaa ulio katikati ya ruti si sawa hata kama yote iko kwenye lami. Kimandolu iko barabara ya Moshi, magari ya Usa River na Tengeru yanapita hapo hapo. Saa moja asubuhi yanafika yamejaa, konda anakupungia mkono tu anapita. Mume wangu anaripoti kazini saa mbili na huo ndio mtihani wake wa kila siku. Mimi saa kumi na nusu napata siti, maana magari ya kwanza yanaleta akina mama wa mboga wanaowahi soko la Kilombero. Ukiwa mtu wa saa moja, fikiria kukaa mwanzo wa ruti: utatumia muda mrefu zaidi njiani, lakini umekaa.

Halafu kapande gari lenyewe. Usitegemee maneno ya mtu. Nenda ukasimame kituoni saa yako, siku mbili tofauti: Jumatatu moja, na siku ya soko. Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi, Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili, na siku hizo mabunda ya ndizi na magunia ya viazi ndiyo yanayopewa kipaumbele. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru imesaidia sana, kilometa 14 ambazo zamani zilikuwa mateso, lakini pale sokoni bado gari linaweza kukwama ukafika mjini jasho linakutoka.

Juu na chini ya mlima

Arusha imelala kwenye kiuno cha Meru, na kila kitu kinafuata mteremko. Wenyeji husema "juu" na "chini". Juu ni Ilboru, Sekei, na Sakina kwa upande wa mlimani: migomba, kahawa, ukijani, na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Mwezi wa saba kuna baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam hataisahau, na jinzi ukiifua Jumatatu utaivaa Alhamisi. Chini ni Muriet, Olasiti, Terrat, Kwa Mrombo: joto kidogo, upepo, vumbi jepesi linaloingia hata ukifunga dirisha. Mtoto mwenye pumu usimpeleke kwenye vumbi lile bila kufikiri mara mbili. Mzee mwenye magoti mabovu usimpeleke kwenye mteremko wa Ilboru.

Lakini kubwa ni makorongo. Mvua inanyesha mlimani, maji yanashuka kupitia katikati ya makazi kwenda tambarare. Unaweza kuwa huku chini hujaona hata tone, na korongo likajaa. Mimi nilihamia Kwa Mrombo mwezi wa kwanza. Kati ya nyumba yangu na lami palikuwa na kibonde cha mchanga, watoto wanachezea mpira humo. Sikukiuliza. Masika ilipoingia, alfajiri moja nilifika pale na tochi ya simu nikakuta maji ya rangi ya kahawa yananguruma, yamebeba tawi zima la mti. Yule bodaboda wangu alizima pikipiki, akasema, "Mama, hapa hatuvuki." Tulisimama hadi kukapambazuka. Nilifika kazini saa moja na nusu, wageni walishaondoka. Nilikuwa nimeshalipa kodi ya miezi sita, ikabidi nimalize miezi ile nikilala kwa mfanyakazi mwenzangu kila usiku wa mvua.

Na maji yale yanaua. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na mafuriko hapahapa Arusha, watoto wakapoteza maisha. Tangu siku ile, mtu akiniambia "maji yenyewe yanapita siku mbili tatu tu kwa mwaka" sitaki hata kumsikiliza. Uliza njia ya mtoto kwenda shule inakatiza korongo gani, na kama lina daraja au wanakanyaga mchanga.

Jinsi ya kulijua korongo wakati wa kiangazi: tazama vichaka vya pembeni. Ukiona mifuko na matambara yamening'inia usawa wa kiuno chako, maji yalifika hapo. Tazama ukuta wa nje ya nyumba kwa chini, kama kuna mstari wa tope au plasta mpya iliyopigwa futi mbili tu kutoka ardhini. Tazama kama mwenye nyumba amejenga kingo mlangoni. Hakuna mtu anayejenga kingo bila sababu. Ukiwa unanunua kiwanja, kumbuka pia Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja cha bei ya chini kando ya mto kina sababu ya kuwa na bei ya chini.

Na muulize mama mwenye genge, au Mangi wa dukani. Dalali ataondoka na hela yake, hao wawili wanakuwepo kila siku. Nunua nyanya za buku, salimia vizuri, kisha uliza: "Mama, masika huku tunapitaje?" Akisita kidogo kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Maji ya kunywa na meno ya watoto

Hapa naomba msomaji mwenye mtoto mdogo asiruke.

Maji mengi yanayotoka ardhini kuzunguka Meru yana floridi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kwetu vinapita kiwango hicho mbali. Haina harufu wala rangi, kwa hiyo glasi ya maji maangavu haikuambii kitu. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki, kwa hiyo ukichemsha sana unaizidisha. Meno ya kudumu yanatengenezwa mtoto akiwa bado mdogo, takriban hadi miaka minane, na yakishatoka na madoa ya kahawia huwezi kuyasugua yakaondoka. Floridi ikizidi kwa miaka mingi inaharibu hata mifupa.

Tulipokuwa tunatafuta nyumba upande wa Usa River na Maji ya Chai nilimkuta binti wa kama miaka kumi na mbili, mzuri, mcheshi, ananionyesha njia. Kila akicheka anaweka kiganja mdomoni. Nilishaelewa kabla sijamuuliza mama yake wanakunywa maji gani. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Tulirudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sisemi usiende huko. Usa River ni pazuri, hewa safi, viwanja vikubwa, na Tengeru yenye Ziwa Duluti na vyuo vyake ni mji kamili. Ninachosema ni kwamba uliza swali lenyewe: haya ni maji ya bomba la mamlaka au ni kisima cha mwenye nyumba? Kama ni kisima, kimepimwa floridi lini, na karatasi ya vipimo iko wapi? Bila karatasi, tenga maji ya kunywa na kupikia ya watoto kutoka kwingine. Maji ya mvua hayana shida hiyo; nyumba yenye bati safi, mifereji na simtanki mimi naipa alama nyingi kuliko yenye marumaru. Uliza na mgao: maji yanatoka siku gani, saa ngapi. Yakitoka saa tano asubuhi na wewe uko kazini, nani atafungua tanki?

Mitaa mingine kwa kifupi

Njiro imepimwa, njia zimenyooka, inakufaa kama una gari au kipato kizuri, na wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu wanafanya vyumba vidogo vigombaniwe mwanzo wa muhula. Moshono inapendwa na familia changa. Ingia ndani ya mtaa, usiishie kwenye lami. Sakina inamfaa anayefanya kazi upande wa barabara ya Namanga. Ngaramtoni baridi, chakula rahisi. Olasiti na Olmoti zimebadilika haraka tangu uwanja wa mpira wa AFCON 2027 uanze kujengwa Olmoti: ukipanga huko, bei ya leo iandikwe kwenye mkataba na tarehe ya kupandishwa pia.

Kabla hela haijatoka mkononi

Muone mwenye nyumba mwenyewe, uso kwa uso, na umsikie mwenyekiti wa mtaa akimtambua. Udalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, ulipe baada ya kupata funguo. Omba kulipa miezi mitatu. Wengi husema sita lakini mpangaji mwenye kazi ya kueleweka husikilizwa.

Uliza kuhusu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita ni yako peke yako au mnachangia na nyumba tatu? Kama mnachangia, nani ana friji, nani ana pasi ya biashara? Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba. Elfu moja na mia tano kwa mwezi ni ndogo, lakini kwa mwaka ni elfu kumi na nane. Mkubaliane mapema irudishwe kwenye kodi, iandikwe.

Uliza mchango wa ulinzi shirikishi ni kiasi gani na walinzi wanapita saa ngapi. Kwetu wanaotoka alfajiri, mbwa wanaofunguliwa usiku ni jambo kubwa kuliko taa.

Nyumba ya Kimandolu dalali alinionyesha Ijumaa. Sikulipa. Jumatatu iliyofuata mume wangu alinisindikiza tukaja saa kumi na robo, mvua ya manyunyu, tukatembea kutoka getini hadi barabarani nikihesabu dakika. Zilikuwa sita. Njiani tulikutana na mama anawasha jiko la uji. Nikamwamkia, nikamuuliza kama gari linapatikana saa hizi. Akanyoosha mwiko kuelekea barabarani, taa za kifodi zilikuwa zinakuja kutoka Tengeru. Saa tatu asubuhi nikiwa kwenye mapumziko ya chai nikampigia mwenye nyumba.